Nani Anaiona Saa? Kutoka Kengele ya Freretown Hadi Taima ya Darasani

Wasee wa Jericho na Eastlands yote, leo tuketi na historia kidogo. Kuna ubishi nausikia sana hapa mtaani, kutoka kwa wazazi kule sokoni hadi kwa walimu vijana wanaopanga nyumba huku kwetu. Mwalimu anaingia darasani na kompyuta yake, anaweka kwenye projekta taima kubwa inayohesabu kushuka: 10:00, 9:59, 9:58. Asiye na projekta anaegemeza simu yake kwenye dawati la mbele, namba zimejaa skrini nzima. Wanafunzi wanaandika, namba zinashuka. Ubishi ni huu: huyo mwalimu anawasaidia watoto ama anawatesa?

Wengi hujibu kana kwamba hiki kitu kimeshuka juzi na intaneti. Lakini taima ni kitukuu wa ukoo mrefu. Hadithi yake inapita Mombasa, Zanzibar, kwenye reli na kwenye mashamba ya walowezi, kabla ya kufika kwenye ubao wa mtihani wa KCSE. Ukiifuata vizuri unagundua muda wetu umekuwa ukihesabiwa siku zote. Kinachobadilika ni nani anaiona saa, na nani anaambiwa tu kwamba muda umeisha.

Tuanze na lugha. Kuna watu hupenda kusema eti Mwafrika hakuwa na habari na saa mpaka Mzungu aje. Kiswahili chenyewe kinawakana. Neno saa tumelipata kutoka Kiarabu, na miji ya pwani ilikuwa inapanga siku kwa sala tano karne nyingi kabla Vasco da Gama hajafika Mombasa mwaka 1498. Hesabu yetu huanzia kwa jua: jua likichomoza, saa kumi na mbili imetimia, na baada ya hapo ndiyo saa moja. Tuko karibu na ikweta, jua halitusumbui na ratiba, kwa hivyo hesabu hiyo inafanya kazi Januari sawa na Julai. Mtu wa London hawezi kuitumia. Jua lake la Desemba na la Juni ni kama ya dunia mbili.

Halafu kuna neno dogo ambalo nalipenda sana: kasorobo. Saa mbili kasorobo. Yaani saa mbili haijafika, imepungukiwa na robo. Mama akikuambia "ni saa moja kasoro dakika kumi na bado uko kitandani," amekuhesabia kushuka. Hiyo ni taima ya mdomo. Na kumbuka kasoro pia ni dosari, ni kitu ambacho hakijakamilika. Shikilia neno hilo, tutalirudia.

Sasa twende Mombasa. Mwaka 1875 wamisionari wa CMS walianzisha kijiji cha Freretown, ng'ambo ya kisiwa, kwa watu waliokombolewa kutoka utumwani. Kilipewa jina la Sir Bartle Frere, yule Mwingereza aliyesukuma mkataba wa 1873 wa kufunga soko la watumwa Zanzibar. Pale Freretown ilitundikwa kengele, na kazi yake inayokumbukwa zaidi ni kuonya watu hatari inapokaribia. Mpaka leo mahali pale panaitwa Kengeleni. Makanga wa matatu ataita jina hilo bila kufikiria kwamba anataja historia ya watu waliowahi kuuzwa.

Mbona nawapeleka mbali hivyo? Kwa sababu Freretown iko hapa kwetu. Mtaa wa Mbotela, jirani yetu, una jina la Tom Mbotela, diwani aliyeuawa Nairobi Novemba 1952, na Mbotela ni ukoo wa Freretown. James Mbotela wa ukoo huo ndiye aliyeandika Uhuru wa Watumwa. Barabara ya Rabai, ambayo mnaivuka kila siku, ina jina la Rabai ambako Krapf na Rebmann walifungua misheni mwaka 1846. Majina ya pwani yamejaa Eastlands, na kengele ya misheni nayo ilisafiri bara, kutoka shule moja hadi nyingine.

Angalia jinsi kengele inavyofanya kazi. Mtu mmoja ana saa, wengine wote wana masikio. Huwezi kujua zimebaki dakika ngapi. Unajua tu kwamba zimeisha. Shule zetu zilirithi mpango huo mzima mzima. Katika shule nyingi za Kenya kengele imekuwa rimu ya gurudumu au kipande cha chuma cha reli kilichofungwa kwenye mti, na kuna mwanafunzi mmoja aliyepewa cheo cha kukigonga. Mnamjua. Ndiye pekee shuleni aliyeruhusiwa kutoka darasani kabla ya kipindi kuisha, na ndiye tulimlaumu kipindi cha hesabu kikiwa kirefu. Alikuwa mtoto kama sisi, lakini alikuwa ameshika saa.

Mwaka 1896 pwani iliona saa ya aina nyingine, na hii ndiyo babu halisi wa taima. Tarehe 25 Agosti Sultani Hamad bin Thuwaini wa Zanzibar alifariki. Khalid bin Barghash akaingia kasri bila ruhusa ya Waingereza, ambao walikuwa wametangaza Zanzibar kuwa himaya yao tangu 1890. Wakampa muda: ashushe bendera na aondoke kufikia saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Saa tatu ikafika, Khalid hakutoka. Dakika chache baadaye meli za kivita zikaanza kupiga mizinga. Vita vikaisha kwa muda ambao vitabu vingi huuweka kati ya dakika 38 na 45. Upande wa Khalid watu takriban 500 waliuawa au kujeruhiwa.

Dakika 38 hadi 45. Kipindi kimoja cha sekondari Kenya ni dakika 40. Kila kengele ya kubadilisha somo inapolia, muda wa kutosha kuangusha serikali ya Zanzibar umepita, na sisi bado tunatafuta chaki.

Utani kando, kuna kitu hapo. Khalid alipewa muda, na aliujua vizuri. Aliiona saa. Lakini hakuwa na neno lolote juu ya urefu wake, wala juu ya kitakachofuata ukiisha. Kuonyeshwa saa peke yake hakukupi nguvu. Inategemea nani ameiwasha na kwa nini. Nitarudi hapo nikifika darasani, kwa sababu kuna walimu wanaotumia taima kama barua ile ya Waingereza.

Miaka mitatu baadaye, Mei 1899, reli kutoka Mombasa ikafika kwenye kinamasi ambacho leo tunakiita Nairobi. Huu mji ulizaliwa kama stesheni na karakana. Kabla ya kuwa na kanisa la maana au soko la maana ulikuwa na ratiba ya treni. Na treni haiwezi kutumia jua. Inahitaji saa moja inayofanana kila stesheni. Ndiyo maana serikali ya kikoloni ikaanza kupanga saa kwa sheria. Na hapa kuna kitu watu wengi hawajui: kati ya 1908 na 1942 saa ya Nairobi ilibadilishwa mara tano. Mwaka 1908 iliwekwa saa mbili na nusu mbele ya Greenwich. Mwaka 1928 ikasogezwa ikawa saa tatu mbele. Mwaka 1930 ikarudishwa mbili na nusu. Mwaka 1937 ulipoanza, ikawa mbili na dakika 45. Na mwaka 1942, vita vikiendelea, ikawa saa tatu mbele, na hapo ndipo imekaa mpaka leo.

Fikiria wewe ni kibarua wa reli pale Muthurwa. Jua ni lile lile, umbali wa kutembea ni ule ule, lakini leo umechelewa nusu saa kwa sababu mtu fulani ofisini ametia sahihi. Hakuna aliyekuuliza. Saa ilikuwa kitu cha serikali, kama ushuru.

Huko mashambani ilikuwa mbaya zaidi. Mnakijua kipande, ile hati ya usajili ambayo mwanaume Mwafrika alilazimishwa kubeba kuanzia karibu mwaka 1920, mara nyingi ikining'inia shingoni ndani ya kikopo cha chuma. Kando na hiyo kulikuwa na kadi ya kazi ya siku 30. Kila siku uliyofanya kazi iliwekwa alama, na mshahara ulikuja siku 30 zikitimia. Siku 30 za kazi, si siku 30 za kalenda. Kadi hiyo ilikuwa taima ya karatasi. Ungeweza kuiangalia na kuhesabu zilizobaki. Lakini kalamu ilikuwa mkononi mwa bwana shamba. Akisema leo hukumaliza kazi, hakuna alama, na jasho lako la siku nzima halikuhesabiwa. Kwa hivyo babu zetu walikuwa wameshajua tofauti kati ya kuona hesabu na kuimiliki hesabu.

Shule ziliingia ndani ya mpango huo huo. Mfano mzuri ni Carey Francis, mwanahisabati wa Cambridge aliyeacha ualimu wa chuo kikuu akaja Maseno mwaka 1928, halafu akawa mkuu wa Alliance High School kuanzia 1940 hadi 1962. Wanafunzi wake walioishia kuwa mawaziri, majaji na waandishi wamesimulia sana juu ya nidhamu yake na ratiba isiyochezewa. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyeingia Alliance mwaka 1955, aliandika kitabu kizima kuhusu miaka hiyo. Sehemu ambayo haisimuliwi sana ni mwisho wake. Carey Francis alipostaafu Alliance hakurudi Uingereza kupumzika. Alikuja Eastlands, akafundisha Pumwani Secondary kama mwalimu wa kawaida mpaka alipofariki mwaka 1966. Pumwani, hapo tu, safari fupi ya matatu kutoka Jericho. Yaani ule utaratibu wa shule kubwa za bweni ulikanyaga lami yetu kwa miguu yake.

Na sisi wenyewe? Jericho ni mtaa wa kaunsili wa enzi za kuelekea uhuru. Jina ni la Biblia, na ukifungua kitabu cha Yoshua utakuta Yeriko yenyewe ilianguka kwa hesabu: mzunguko mmoja kila siku kwa siku sita, mizunguko saba siku ya saba, halafu baragumu. Waliokuwa nje walijua hesabu. Waliokuwa ndani ya ukuta walisikia tu kelele. Ni kengele tena, bana.

Wazazi waliohamia nyumba hizi walikuwa makarani, mafundi wa reli, wafanyakazi wa viwanda vya Industrial Area. Walikuwa watu wa saa na zamu. Waliwapeleka watoto shule wakiwa wameshaamini kwamba anayefika kwa wakati ndiye anayefika mbali. Sidhani walikosea. Lakini walichopokea watoto wao darasani ilikuwa kengele ile ile, na hapo ndipo hadithi hii inaacha kuwa ya kale.

Mfumo wa 8-4-4 ulianza mwaka 1985 na KCSE ya kwanza ikafanywa 1989. Kipindi cha sekondari ni dakika 40, na hata CBC iliyoanza 2017 imeendelea na dakika hizo hizo kwa madarasa ya juu. Kanuni za Elimu ya Msingi za mwaka 2015 zinasema masomo ya shule ya kutwa ni saa mbili asubuhi hadi saa tisa na nusu mchana, Jumatatu hadi Ijumaa. Nyote mnajua jinsi kanuni hiyo inavyoheshimiwa. Simama kando ya Jogoo Road saa kumi na mbili asubuhi uone sare za shule zinavyokimbia gizani.

Sasa tuchukue kalamu tupige hesabu. Karatasi ya kwanza ya Kiswahili, Insha, ni saa moja na dakika 45. Unaandika insha mbili. Gawanya: dakika 52 hivi kwa kila insha, ukijumlisha kusoma swali, kupanga hoja, kuandika na kusahihisha. Lakini kipindi ni dakika 40, na katika hizo mwalimu ameingia, amesalimiwa, ametoa maelezo. Maana yake ni kwamba mwanafunzi anayesoma kwa vipindi vya kawaida hajawahi kuandika insha moja kamili ya KCSE ndani ya kipindi kimoja. Anaianza darasani, anaimalizia nyumbani huku runinga inalia na mdogo wake anamvuta daftari. Siku ya mtihani ndiyo mara yake ya kwanza kuishi ndani ya zile dakika 52.

Hisabati ndiyo kali zaidi. Karatasi moja ni saa mbili na nusu, alama 100. Hiyo ni dakika moja na nusu kwa kila alama. Sehemu ya kwanza ina maswali 16 ya alama 50, kwa hivyo ni dakika 75, chini ya dakika tano kwa swali. Sehemu ya pili unachagua maswali matano kati ya manane, kila moja dakika 15. Mtoto aliyezoea kusukuma swali moja hadi liishe, hata likichukua nusu saa, anaingia na ujuzi wake wote na anatoka ameacha maswali manne bila kuyagusa. Mtahini hawezi kusahihisha ukurasa mtupu. Matokeo yakitoka mtaa unasema "huyo hakuwa anasoma." Alikuwa anasoma. Hakuwa anaiona saa.

Nimeona hii kwa macho. Katika shule niliyosomea, hapa hapa Eastlands, ukuta wa darasa letu ulikuwa na saa iliyosimama kwenye saa nne na dakika kumi tangu nikiwa Kidato cha Kwanza. Ilibaki hapo miaka yote, ikawa pambo. Saa za mkononi wengi hatukuwa nazo, na simu kwa mwanafunzi shuleni ni kosa. Tulikuwa na masikio tu, tukisubiri ile rimu igongwe.

Halafu ukifika chumba cha KCSE, ghafla kila kitu kinabadilika. Msimamizi anaandika ubaoni kwa chaki: muda wa kuanza, muda wa kumaliza. Kisha kila baada ya muda anafuta na kuandika upya dakika zilizobaki. Sasa 90. Sasa 60. Sasa 30. Hiyo ni nini kama si taima? Taima ya chaki, inayoonekana na kila mtu. Kwa hivyo wale wanaosema hiki kitu ni cha kigeni wangekumbuka kwamba serikali yenyewe imekuwa ikikitumia, tena siku ile moja tu ambayo mtoto hana nafasi ya kujifunza kukitumia. Tunafundisha kwa kengele halafu tunatahini kwa taima. Kwangu mimi huo ndio uonevu, na ndio sababu ya mimi kuandika haya yote.

Taima yenyewe, ile ya namba zinazoshuka, ina historia inayofurahisha. Kuhesabu kushuka kabla ya kurusha roketi watu wengi hukufuatilia hadi filamu ya Fritz Lang ya mwaka 1929 huko Ujerumani. Aliitumia ili watazamaji wajue roketi itaruka lini. Wahandisi wa kweli wakaja kufanya hivyo hivyo baadaye. Na Afrika Mashariki tumo. Tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la San Marco lililokuwa baharini karibu na Malindi, Waitalia na Wamarekani walirusha setilaiti ya kuchunguza miale ya eksirei angani. Kwa kuwa ilikuwa Sikukuu ya uhuru wa Kenya, wakaiita Uhuru. Tatu, mbili, moja, kwenye bahari yetu. Pale hesabu ilikuwa ya wote waliokuwa kazini: kila fundi aliiona, kila mmoja alijua afanye nini kwenye sekunde gani, na kitu kikienda mrama hesabu husimamishwa. Hilo la mwisho ndilo tofauti kubwa na Zanzibar ya 1896.

Miaka ya 1980 mwanafunzi mmoja Mwitalia, Francesco Cirillo, aliona hawezi kukaa na vitabu, akachukua taima ya jikoni yenye umbo la nyanya na kujipangia vipande vya kusoma. Njia yake ya dakika 25 inaitwa Pomodoro, yaani nyanya kwa Kiitaliano. Huko Marekani, mama mmoja, Jan Rogers, alimtengenezea bintiye mdogo saa yenye duara jekundu linalopungua, kwa sababu mtoto alikuwa anauliza kila mara bado muda gani na jibu la namba halimsaidii. Ukiangalia hao wawili, mmoja alijiwashia taima mwenyewe, mwingine alijibu swali la mtoto. Hakuna aliyeiwasha kumtisha mtu.

Sasa nirudi kwenye ubishi wa mtaani na niseme msimamo wangu. Taima inayoonekana iingie madarasa yetu. Lakini ije na masharti, kwa sababu historia imetuonyesha saa inaweza kuwa ya Malindi na inaweza kuwa ya Zanzibar.

Wanaopinga wana hoja, na sizipuuzi. Ya kwanza ni hofu. Ni kweli: watafiti wa saikolojia wameonyesha kwa miaka mingi kwamba wasiwasi hula sehemu ile ile ya akili inayoshikilia namba wakati unakokotoa. Mtoto mwenye hofu ya hesabu, ukimwekea taima akiwa bado hajaelewa logarithimu, umemfungia mlango mara mbili. Kwa hivyo taima isiwashwe wakati wa kufundisha kitu kipya. Ije wakati wa mazoezi ya kitu kinachoeleweka. Tena mwanzoni muda uwe mrefu kuliko unaohitajika, ili mtoto azoee kuona namba inashuka na bado amalize. Baadaye ndiyo unapunguza.

Hoja ya pili ni kwamba si watoto wote wana mwendo mmoja. Hilo hata KNEC inalikubali, maana huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalum muda wa ziada. Kama mtihani wa taifa unajua kusogeza saa, mwalimu pia anaweza. Taima ikilia na nusu ya darasa bado inaandika, hiyo ni habari kwa mwalimu kuhusu muda aliopanga. Asiifanye kuwa hukumu. Aulize: mlikwama wapi? Aongeze dakika tano. Kule kwenye roketi wanasimamisha hesabu, na hakuna anayewaita wazembe.

Ya tatu ni pesa. Tangu sera ya kila mtoto kuingia sekondari ianze kusukumwa mwaka 2018, madarasa yamejaa, na projekta si kitu cha kila shule. Stima nayo hupotea ikitaka. Lakini nani alisema taima lazima iwe ya umeme? Chaki ipo. Msimamizi wa KCSE ametuonyesha njia: andika 30 ubaoni, futa, andika 20. Saa ya ukutani ya betri moja si gharama ya kushinda shule, na kubadilisha betri ikiisha ni kazi ya dakika moja. Chagua mwanafunzi mmoja kila wiki awe ndiye wa kufuta na kuandika, na wiki ijayo awe mwingine. Kile cheo cha mpiga kengele kigawanywe kwa darasa zima.

Na hapa ndipo narudi kwenye kasoro. Mtoto akisoma ubaoni "zimebaki 12", kwa Kiswahili cha kawaida anasoma upungufu: kumekosekana dakika 12 tufike. Anaweza kuliona hilo kama mkuki unaomjia. Anaweza pia kuliona kama akiba: nina 12, nitumie sita kumaliza hili, nne kwa lile, mbili za kusahihisha. Tofauti ya hizo mbili haiko kwenye namba. Inatoka kwenye mazoezi, na kwenye mwalimu aliyekaa naye akamwonyesha jinsi ya kugawanya dakika kabla hazijaanza kushuka. Dakika tatu za kupanga mwanzoni, mkiwa pamoja, kwa sauti. Hilo halihitaji projekta, halihitaji bajeti ya kaunti.

Kwa hivyo wewe mwalimu wa Ofafa Jericho, wa Buruburu, wa Pumwani, wa shule ile ndogo ya ghorofani ambayo haina hata uwanja, jaribu wiki moja tu. Kipindi pacha cha Kiswahili, dakika 80: toa insha moja, weka dakika 52 ubaoni, wagawie muda pamoja nao, na uzibaki zile 28 za kuzungumza juu ya kilichotokea. Kwa hesabu, chukua maswali manne ya sehemu ya kwanza, uweke dakika 20. Mwache mwanafunzi ndiye afute na kuandika. Na wewe mzazi, mwanao akikuambia darasani kwao kuna taima, usikimbilie kulalamika wala kushangilia. Muulize maswali mawili: inawashwa mkiwa mnafanya nini? Na ikiisha kabla hujamaliza, mwalimu hufanya nini? Majibu yake yatakuambia kama ni Malindi au Zanzibar.

Novemba haiko mbali. Kidato cha Nne wa mtaa huu watakaa kwenye vile vyumba, chaki itaandika 90, halafu 60, halafu 30. Ningependa safari hii ziwe namba ambazo tayari wanazijua.